BOTI YA FAIBA ILIYOPAUKA: MTAJI AU MTEGO?

Mfanyabiashara wa Babati anayetafuta boti ya kupeleka wageni kuona viboko ziwani, au ya kuvulia perege na kambale, akiingia sokoni atakuta mambo mawili. La kwanza ni boti mpya ya faiba, ambayo bei yake humfanya mtu wa mtaji mdogo ageuke nyuma. La pili ni boti ya zamani iliyofanya kazi Mwanza, Tanga au Dar es Salaam, iliyopauka hata rangi yake ya awali haijulikani. Ukiipitishia kiganja, mkono unatoka na unga mweupe kana kwamba umefuta ubao wa darasani.

Boti hiyo ya pili huuzwa kwa bei ya chini, na muuzaji anajua sababu: mnunuzi hununua kwa macho. Swali ambalo msomaji wa ukurasa huu anapaswa kujiuliza kabla ya kutoa fedha ni hili: je, bei imeshuka kwa sababu boti imechakaa ngozi, au kwa sababu imeoza mwili? Ngozi hutengenezwa kwa msasa, polishi, nta na jasho la siku chache. Mwili uliooza unaweza kumeza faida yote na sehemu ya mtaji.

Wiki hii tunaeleza jinsi ya kutofautisha hali hizo mbili, jinsi kazi ya kurudisha mng'ao inavyofanyika hatua kwa hatua, na hesabu inavyokaa.

KWA NINI BABATI

Ziwa Babati liko pembeni kabisa mwa mji, na mji wenyewe uko njia panda. Barabara ya Arusha inaingia kutoka kaskazini, ya Singida inatoka magharibi, na ya Dodoma inashuka kusini kupitia Kondoa. Barabara hiyo ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa ikiwa ya lami mwaka 2018. Maana yake kwa mfanyabiashara ni kwamba boti iliyopakiwa kwenye lori Mwanza au Dar es Salaam inaweza kufika Babati bila kupondwapondwa na makorongo ya njiani.

Zaidi ya hapo, Mkoa wa Manyara si wa ziwa moja. Kuna Basotu wilayani Hanang, kuna Burunge karibu na Hifadhi ya Tarangire, na upande wa Simanjiro kuna bwawa la Nyumba ya Mungu. Mwenye boti nzuri Babati anaweza kupata mnunuzi au mkodishaji nje ya mji wake.

Upo pia upande wa ugavi. Mwezi Januari 2024, jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan aligawa boti za kisasa na vizimba vya kufugia samaki kwa mikopo ya masharti nafuu, mpango unaopitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, TADB. Boti za faiba zikizidi kuingia kwenye maji leo, ni dhahiri kwamba boti zilizotumika zitazidi kuingia sokoni kesho. Lakini hapo pana onyo: boti iliyo chini ya mkopo si mali ya kuuzwa na mkopaji apendavyo. Kabla ya kuzungumza bei, omba hati za umiliki na za usajili, na uhakikishe jina lililoandikwa ni la huyo anayekuuzia.

KUPAUKA NI NINI HASA

Boti ya faiba hujengwa kwa nyuzi nyembamba za kioo zilizoloweshwa kwenye rezini, kisha rezini ikaganda. Teknolojia hii si changa. Kampuni ya Owens-Corning iliundwa Marekani mwaka 1938 kutengeneza nyuzi hizo, na mwaka 1942 Ray Greene wa Toledo, Ohio, aliunda kwa nyuzi za kioo na rezini boti ndogo inayohesabiwa miongoni mwa za mwanzo duniani. Tangu hapo imeonekana kwamba bodi ya faiba iliyojengwa vizuri hudumu miongo mingi. Ndiyo maana inafaa kuzungumzia boti ya miaka 20 au 30.

Juu ya nyuzi hizo kuna tabaka la rezini yenye rangi, ambalo mafundi huliita jelikoti. Hili ndilo ngozi ya boti. Si rangi iliyopakwa baadaye. Boti inapotengenezwa, jelikoti ndiyo inayotangulia kuingia kwenye kalibu, kisha nyuzi hufuata juu yake. Kalibu ikiondolewa, jelikoti inatoka ikiwa nje, laini na inayong'aa. Unene wake kwa kawaida ni kama nusu milimita, karibu sawa na karatasi tano za kuandikia zilizopangwa pamoja. Msomaji aukumbuke unene huo, kwa sababu kazi yote inayoelezwa hapa ni ya kupunguza sehemu ndogo ya tabaka hilo.

Adui mkubwa wa jelikoti ni jua. Miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho, hukata minyororo ya rezini iliyo juu kabisa. Oksijeni ya hewani na unyevu humalizia kazi. Uso uliokuwa laini unakuwa na vitundu vidogo mno, na chembe za rangi zilizokuwa zimeshikwa na rezini zinabaki zikielea juu kama unga. Mwanga unaotua kwenye uso huo hautawanyiki kwa mpango, hivyo jicho linaona weupe na ufifi badala ya rangi. Rangi nzito, kama nyekundu na buluu, huonyesha kupauka mapema kuliko nyeupe.

Kwa Babati jambo hili lina uzito wa pekee. Mji uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na nguvu ya miale hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Boti iliyoachwa wazi ufukweni Babati inachomwa na jua kuliko ile iliyoachwa vivyo hivyo pwani, ingawa mwenye boti anahisi baridi asubuhi na jioni. Hali ya hewa ya ubaridi isimdanganye.

KAGUA MWILI KABLA YA NGOZI

Vipimo vifuatavyo havihitaji mtambo. Vinahitaji ndoo ya maji, kitambaa, nyundo ndogo ya plastiki au sarafu nzito, na saa moja ya subira. Muuzaji anayekataa visifanyike amekwisha kutoa jibu.

Kwanza, kipimo cha maji. Osha kipande kidogo cha ubavu, kisha kilowanishe. Ikiwa rangi inarudi kuwa nzito na yenye uhai wakati imelowa, kisha inapauka tena inapokauka, hiyo ni dalili njema. Maji yamejaza vile vitundu kwa muda, na polishi itaweza kufanya uso uwe laini moja kwa moja. Ikiwa hata ikilowa bado ina mabaka, au unaona alama za nyuzi zikichungulia, jelikoti imekwisha na boti hiyo ni ya kupakwa rangi upya.

Pili, kipimo cha sauti. Gonga bodi taratibu, sentimita chache kwa chache, kuanzia omo mpaka shetri. Sehemu nzima hutoa sauti kali na kavu. Sehemu ambayo tabaka za nyuzi zimeachana, au mbao ya ndani imelowa, hutoa sauti iliyoziba, kama kugonga boga bichi. Weka alama ya chaki kila mahali penye sauti hiyo. Alama zikiwa nyingi, acha.

Tatu, ubao wa nyuma unaofungiwa mashine. Boti nyingi za zamani zina plaiwudi iliyofunikwa kwa faiba mahali hapo. Maji hupenya kupitia matundu ya boliti, na plaiwudi huoza ndani huku nje pakionekana pazima. Mashine ikiwa imefungwa, ishike kwa chini na uisukume na kuivuta. Ubao ukicheza hata kidogo, au maji ya kahawia yakitoka kwenye boliti, umekuta ugonjwa wa gharama kubwa.

Nne, sakafu na uzito. Panda ndani utembee. Sakafu inayobonyea ina mbao iliyooza chini yake. Kisha tafuta watu wanaoijua boti hiyo waiinue kidogo upande mmoja. Boti nyingi ndogo zina povu gumu ndani kwa ajili ya kuelea, na povu hilo likinyonya maji, boti huwa nzito kupita kiasi na haielei inavyotakiwa.

Tano, nyufa na malengelenge. Nyufa nyembamba kama utando wa buibui mahali palipopigwa mara nyingi ni za jelikoti tu na huzibwa. Ufa mrefu ulionyooka, unaofuata kona au mbavu ya ndani, unaonyesha bodi inajipinda. Malengelenge chini ya mstari wa maji yanaonyesha maji yamepenya ndani ya tabaka. Machache hutibika, yakitapakaa, kazi ni ya fundi mwenye uzoefu na muda mrefu wa kukausha.

Boti ikishinda vipimo hivi vyote lakini ikawa imepauka vibaya, hapo ndipo mfanyabiashara anapaswa kufurahi kimoyomoyo na kuanza kupatana bei.

KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Kazi ifanyike kivulini, chini ya mti mkubwa au bandani. Bodi iliyopata moto wa jua hukausha dawa kabla haijafanya kazi na kuacha mabaka.

Hatua ya kwanza ni kuosha. Tumia maji mengi na sabuni laini, kisha suuza. Tope na ute wa ziwani vikauke vimeondoka vyote, maana chembe moja ya mchanga chini ya pedi itachora mstari ubavu mzima. Ukungu mweupe wa chumvichumvi unaoachwa na maji hulainishwa kwa siki na kusuuzwa. Kisha futa bodi nzima kwa kitambaa chenye kiyeyushi cha kuondoa nta na grisi, ukigeuza kitambaa mara kwa mara. Ukiruka hapo, utasambaza grisi badala ya kuiondoa.

Hatua ya pili ni kuziba majeraha. Mikwaruzo mirefu na matundu hujazwa kwa jelikoti ya kuzibia iliyochanganywa na dawa yake ya kugandishia, kwa vipimo vilivyoandikwa kwenye kopo. Jelikoti ya kawaida hubaki ikinata juu inapogusana na hewa, hivyo mafundi huifunika kwa karatasi laini ya plastiki mpaka igande. Kuoanisha rangi ni kazi ya jicho: boti iliyokaa juani miaka 20 haina tena rangi iliyoandikwa kwenye kitabu chake.

Hatua ya tatu ni msasa wa maji, na hapa ndipo pa kuwa mwangalifu. Boti iliyopauka kidogo haihitaji msasa kabisa. Dawa ya kusugulia inatosha. Anza daima na njia laini kwenye kipande cha majaribio cha sentimita 50 kwa 50. Ikikataa, ndipo uchukue msasa. Kwa boti iliyopauka sana, mafundi huanza na namba 800, wakaenda 1000, 1500 na kumalizia na 2000. Ikiwa imezidi, huanza na 600. Msasa uzungushiwe kwenye kibao chenye sponji, usishikwe kwa vidole vitupu, kwani vidole huacha mifereji. Maji yamwagike muda wote. Yakitiririka yakiwa na rangi ya boti, unaondoa ngozi iliyokufa. Hilo ni sawa mwanzoni. Lakini ukiona kivuli cha rangi tofauti kinajitokeza, simama mara moja, umefika mwisho wa jelikoti.

Usiruke namba. Kila namba ina kazi ya kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Fundi anayetoka 600 akaenda moja kwa moja kwenye polishi atakukabidhi boti inayong'aa kivulini, na ukiitoa juani utaona mikwaruzo yote.

Hatua ya nne ni dawa ya kusugulia, ile ambayo gereji za magari huitumia kabla ya polishi. Weka kidogo kwenye pedi ya sufu na fanya kazi kipande kwa kipande, mashine ikienda taratibu, kati ya mizunguko 1,000 na 1,800 kwa dakika. Mashine isisimame mahali pamoja. Karibu na kona na kingo punguza mkandamizo, kwa sababu jelikoti ya hapo huisha upesi. Kitambaa kikianza kuteleza na uso kuonyesha sura yako, hama.

Hatua ya tano ni polishi laini kwa pedi ya sponji, ambayo huondoa ukungu mdogo ulioachwa na dawa ya kusugulia. Hatua ya sita ni nta. Hii si pambo. Uso uliokwisha kusuguliwa hauna kinga, na ukiuacha bila nta utapauka tena baada ya muda mfupi. Paka tabaka jembamba, liache likauke mpaka liwe na ukungu, kisha lifute kwa kitambaa safi. Rudia mara ya pili.

Boti ya futi 18, yaani mita 5.5, yenye ubavu wa kimo cha sentimita 80, ina takriban mita za mraba 9 kwa pande zote mbili. Hizo ni kama vipande 35 vya sentimita 50 kwa 50. Ukitoa dakika 10 kwa kila kipande, hatua moja inachukua karibu saa 6. Msomaji azidishe kwa idadi ya hatua, ndipo ataelewa kwa nini fundi anayeahidi kumaliza mchana mmoja hasemi kweli.

MAKOSA YANAYOKULA MTAJI

Kosa la kwanza ni grenda. Fundi asiye na mashine ya polishi huweza kuchukua grenda ya kukatia vyuma na kuifunga pedi. Grenda ndogo huzunguka mara 10,000 na zaidi kwa dakika. Kwa mwendo huo jelikoti huungua kwa sekunde chache, ikageuka manjano au ikatoka kabisa. Ukiona grenda mkononi mwa fundi, zuia kazi isianze.

Kosa la pili ni kupaka mafuta. Wapo wanaofuta boti iliyopauka kwa mafuta ya kupikia, dizeli au mafuta ya taa siku ya kumleta mnunuzi. Mafuta hufanya kile ambacho maji hufanya katika kipimo chetu cha kwanza: hujaza vitundu na kurudisha rangi kwa muda. Mnunuzi ajilinde kwa kuosha kipande kwa sabuni. Muuzaji naye ajue kwamba mafuta hukamata vumbi na kufanya kazi ya baadaye kuwa ngumu.

Kosa la tatu ni nta yenye silikoni kwenye boti ambayo huenda ikapakwa rangi. Silikoni hujificha kwenye vitundu, na rangi mpya ikipakwa juu yake hukimbiakimbia na kuacha vijicho.

Kosa la nne ni kudharau afya. Vumbi la faiba na la msasa mkavu huingia mapafuni, na nyuzi zake huwasha ngozi. Fundi avae kinga ya pua na mdomo, miwani na glovu. Aidha, msasa wa maji na mashine ya umeme visikae pamoja: maliza kazi ya maji, kausha, ndipo uchomeke waya.

JELIKOTI IKISHAKWISHA

Kila ukisugua unapunguza ile nusu milimita. Boti inaweza kurudishwa mng'ao mara kadhaa katika maisha yake, lakini si kila mwaka kwa msasa. Boti ambayo nyuzi zimeanza kuonekana haina tena cha kung'arishwa. Hapo dawa ni kusawazisha, kupaka praima inayofaa faiba, kisha rangi ya poliyurethani ya kuchanganya sehemu mbili. Kazi hii ni ghali zaidi, lakini ikifanywa vizuri hudumu. Rangi ya mafuta ya kupaka milango haitafaa. Hubambuka kwa mabapa makubwa na kuacha boti katika hali mbaya kuliko ilivyokuwa.

HESABU INAVYOKAA

Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha njia ya kuhesabu tu, si bei za soko. Msomaji aweke zake.

Tuseme boti iliyopauka inauzwa shilingi 5,000,000, na ya aina hiyo hiyo inayong'aa inauzwa 7,000,000 ikiwa Babati. Usafiri hadi Babati ni 900,000. Misasa, dawa, polishi na nta ni 300,000. Fundi kwa siku 5 ni 150,000, na kukodi mashine ni 50,000. Jumla ni 6,400,000. Ukiuza kwa 7,000,000 unabaki na 600,000.

Sasa tuseme hukugonga, hukuvuta mashine, na ubao wa nyuma umeoza. Kuubomoa, kuweka plaiwudi mpya na kuufunika kwa nyuzi na rezini kunaongeza 1,200,000. Jumla inakuwa 7,600,000. Ile faida ya 600,000 imegeuka kuwa hasara ya 600,000, na polishi yako ni ile ile, mng'ao ni ule ule.

Mfano huu unaonyesha mambo mawili. Kwanza, gharama ya ngozi ni ndogo ukilinganisha na usafiri. Kwa hiyo kagua boti huko huko iliko, kabla haijapanda lori. Pili, mng'ao hauongezi nguvu ya boti, unaongeza bei tu. Kinacholinda mtaji ni saa ile moja ya ukaguzi.

Kwa anayekusudia kuitumia mwenyewe badala ya kuuza, hesabu ni tofauti kidogo. Mgeni anayelipa kupelekwa ziwani huchagua kwa macho, na boti safi humpa imani. Uso laini pia haushiki tope na ukungu upesi, hivyo kuosha huchukua muda mfupi.

SHERIA NA USALAMA

Kazi hii isifanyiwe ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Maji ya msasa yaliyobeba rezini, na matambara yenye viyeyushi, si vitu vya kupeleka mahali ambapo watu wanavua na mifugo inakunywa. Pandisha boti, ifanyie kazi mjini, na kusanya taka zake.

Vyombo vidogo vya majini vinakaguliwa na kusajiliwa chini ya Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na boti ya uvuvi huhitaji pia leseni ya uvuvi. Mnunuzi aingize muda na ada za taratibu hizo kwenye hesabu yake kabla ya kupanga siku ya kuanza biashara.

La mwisho katika sehemu hii ndilo zito kuliko fedha. Ziwa Babati lina viboko. Boti ambayo ubao wake wa nyuma umeoza inaweza kuachia mashine katikati ya maji, abiria wakiwa ndani. Anayeficha uozo kwa polishi akauza, anaweka maisha ya watu wengine rehani. Na anayenunua kwa ajili ya abiria anunue kwanza jaketi okozi za kutosha, halafu nta.

KUITUNZA ISIRUDI ILIKOTOKA

Kwa boti inayokaa nje Babati, paka nta kila baada ya miezi mitatu au minne. Ukimwaga maji yakajikusanya matone yenye mviringo, nta bado ipo. Yakitandaa kama kwenye saruji, muda umefika. Osha kwa maji safi kila inapotoka ziwani. Ifunike kwa turubai lililoinuliwa kidogo ili hewa ipite, maana turubai lililolala juu ya bodi hufungia unyevu na kusugua jelikoti kila upepo unapovuma. Kibanda cha miti na nyasi ni bora zaidi, na gharama yake ni ndogo kuliko kurudia msasa. Ziba pia matundu yote ya boliti kwa gundi ya boti, ili maji yasipate njia ya kuingia kwenye mbao.

Kwa muhtasari, mwekezaji mdogo asiikimbie boti kwa sababu imepauka, wala asiikimbilie kwa sababu inang'aa. Agonge, avute, akanyage, alowanishe, ndipo afungue pochi. Bei iliyoshuka kwa ajili ya unga mweupe ni nafasi ya biashara. Bei iliyoshuka kwa ajili ya mbao iliyooza ni deni ambalo muuzaji anatafuta mtu wa kumrithisha.